Tukubaliane Kwanza: Darsa ya Ujira kwa Mwanafunzi wa Kompyuta



Sifa zote njema ni za Allah, Mwenye kuruzuku. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu, darsa ya toleo hili ilianzia bwenini. Ninayekaa naye chumba kimoja anamaliza Sayansi ya Kompyuta. Usiku mmoja baada ya Isha alinionyesha barua mbili kwenye simu yake. Kampuni moja ya Kampala inayotengeneza programu za kumbukumbu za hospitali ilimpa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Nyingine, inayokopesha watu kwa simu, ilimpa 1,800,000. Ana wadogo watatu shuleni, na mama yao anauza mboga. Akaniuliza, "Ustadhi, wewe unayesoma Dini, niambie niende wapi."

Sikumjibu usiku ule. Haya ndiyo niliyoyakusanya kwa kusoma na kuwauliza walimu wetu.

1. Kutaja ujira si tamaa

Wengi wetu tunaona haya kuuliza mshahara. Tunadhani ni kukosa ikhlasi. Lakini tazameni Surat al-Qasas, aya ya 26 hadi 28. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Binti wa yule mzee alimshauri baba yake amwajiri, kwa sababu mbili: ana nguvu na ni mwaminifu. Baada ya hapo mzee akataja masharti waziwazi: miaka minane, na kama Musa atatimiza kumi, hiyo ni hiari yake. Musa akakubali na kumfanya Allah kuwa shahidi. Ikiwa Nabii na mzee mwema walitaja muda na malipo kabla ya kazi kuanza, sisi ni nani hata tuseme "tutaelewana mbele"?

Neno hilo mimi nalijua. Likizo moja nilifundisha watoto mahali fulani bila kutajiana malipo. Mwisho wake nikapewa bahasha isiyofika hata nauli niliyotumia. Nikakasirika, nikamsema aliyeniajiri kwa watu. Nilipotulia nikaona kwamba nilikosa mara mbili: kwanza kwa kunyamaza, kisha kwa kusengenya.

Na kujieleza sifa zako katika usaili si majivuno, maadamu unasema kweli. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja kwamba yeye ni mlinzi na mjuzi (Surat Yusuf, aya ya 55). Onyesha programu ulizotengeneza, sema lugha za kompyuta unazozimudu, na usijipachike usiyoyajua.

2. Wewe ni mwajiriwa wa aina gani?

Wanafiqhi waligawa mwajiriwa mafungu mawili. *Ajir khass* ni yule aliyeuza muda wake kwa mtu mmoja: anastahiki ujira kwa kujitoa katika saa zile, hata kama siku hiyo kazi ni chache. *Ajir mushtarak* ni kama fundi cherehani: anapokea kazi za watu wengi na analipwa kwa kazi iliyokamilika.

Mgawanyo huu unakuhusu sana wewe mwenye kompyuta. Ukiajiriwa ofisini kwa mwezi, saa zile si zako tena. Kumtengenezea mteja wako wa pembeni tovuti ndani ya saa hizo ni kula haki ya mwajiri. Ukiwa fundi huru, lazima mtaje kazi yenyewe: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, tarehe gani, malipo ya awali kiasi gani. Kazi isiyojulikana mpaka wake ndiyo chanzo cha ugomvi, na gharari hairuhusiwi.

3. Mshahara wa karatasi na mshahara wa mkononi

Hapa nilimwambia mwenzangu achukue kalamu. Uganda kodi ya mshahara hupanda kwa ngazi. Kwa viwango tulivyotumia, anayepata zaidi ya 410,000 hulipa 25,000, kisha asilimia 30 ya kinachozidi 410,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hukata asilimia 5 kwako, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka kwake.

Kwa 1,200,000: kodi ni 262,000, NSSF ni 60,000, mkononi inabaki 878,000.
Kwa 1,800,000: kodi ni 442,000, NSSF ni 90,000, mkononi inabaki 1,268,000.

Tofauti ya 600,000 kwenye barua imekuwa 390,000 mkononi. Bado ni pesa nyingi kwa mwenye wadogo shuleni, sisemi si kitu. Lakini mtu apime kwa pesa atakayoishika.

Uliza pia kama mwajiri anapeleka kweli mchango wa NSSF, muda wa majaribio ni miezi mingapi, na kama kazi za usiku mitambo inapokwama zinalipwa. Swala ya Ijumaa itaje kabla ya kutia saini. Ni rahisi kukubaliana saa moja na nusu ya Ijumaa siku ya usaili kuliko kuigombania mwezi wa tatu. Na yote yawe kwa maandishi.

4. Pesa inatoka wapi?

Hili ndilo lililomnyima usingizi. Katika Sahih Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani mla riba, mlishaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Kazi aliyopewa mwenzangu ilikuwa hasa kuandika sehemu ya programu inayohesabu riba na kuongeza faini mkopaji akichelewa. Nilimuuliza, "Zamani mwandishi alishika kalamu. Leo anayeandika ni nani?" Akanyamaza.

Si kila kazi ya fedha ni hivyo. Kutuma pesa kwa simu, malipo ya ada, hesabu za duka, yote ni halali kwa asili yake. Uganda sheria iliruhusu benki za Kiislamu tangu 2016, na benki ya kwanza ya aina hiyo ilipewa leseni mwaka 2023. Zote zinahitaji wataalamu wa kompyuta. Kama kazi yako haigusi riba moja kwa moja, muulize mwanachuoni ukieleza kazi yenyewe, usitaje jina la kampuni tu.

5. Aliamua nini?

Alirudi kwa kampuni ya hospitali. Hakulalamika wala kusimulia shida za nyumbani. Aliwaonyesha programu ya foleni ya wagonjwa aliyoitengeneza kwa mradi wake wa mwisho, akaomba 1,400,000. Wakafika 1,350,000. Mkononi ni 975,500. Ameacha karibu 300,000 kila mwezi, na aliponiambia sauti yake ilikuwa nzito. Mama yake alipopigiwa simu alisema tu, "Mwanangu, mboga bado zipo." Tunamwombea Allah ambadilishie kilicho bora.

Na wewe utakayeajiri kesho: katika Sahih al-Bukhari imo hadithi qudsi kwamba Allah atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemtumikisha mtu kazi kamili kisha asimlipe. Tusiwatumikishe wadogo zetu wa mwaka wa kwanza bure kwa jina la "kupata uzoefu".

Maswali ya halaqa

1. Mwajiriwa wa mwezi anayefanya kazi kutoka nyumbani, saa zake zinahesabiwaje?
2. Kazi gani katika kampuni ya mikopo ziko mbali na riba, na zipi ziko karibu?
3. Ukijua nywila na taarifa za wagonjwa, amana yako inaisha siku unapoacha kazi?

Allah atujaalie rizki ya halali yenye baraka. Wallahu a'lam.