Vijana Wetu na Hadithi za Nchi Mbaya

Somo: Waamuzi 9:1-21



Baadhi ya wazazi hapa Cheyo wametuuliza kwa nini vijana wanapenda sana hadithi za nchi mbaya, ambako mtawala anaogopa ukweli, jirani anamchongea jirani, na msema kweli anatiwa gerezani. Mzazi mmoja alitaka kukichoma kitabu cha mwanawe. Kabla hatujawasha kiberiti, na tumtazame Yothamu.

Abimeleki aliwaua ndugu zake, wana wa Gideoni, juu ya jiwe moja, ili apate ufalme. Alisalia Yothamu, mdogo wa wote, kwa kuwa alijificha. Hakuwa na jeshi. Alipanda mlima Gerizimu, akapaza sauti, akawapa watu wa Shekemu hadithi: miti ilitafuta mfalme, mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu nao ukakataa, mwisho ikauendea mti wa miiba. Huo ukaialika miti yote ije kivulini pake, la sivyo moto utoke uiteketeze. Sisi wa Unyamwezi tunaijua miiba. Kivuli chake hakimpumzishi mtu.

Shaaban Robert naye alishika njia hiyo katika Kusadikika, mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema, wakarudi wakafungwa. Kadhalika Shamba la Wanyama, kitabu cha George Orwell alichokitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967.

Wengine husema vijana wanapenda vitisho tu. Wapo, kama sisi tulivyopenda hadithi za zimwi. Lakini twaona kuna zaidi. Kijana ameshaona upendeleo, uongo wa wakubwa, hata unafiki wetu kanisani, wala hana ruhusa ya kuyasema. Katika hadithi anakuta mtu aliyeyasema.

Hatari ipo: akisoma giza tupu, peke yake, aweza kukata tamaa. Basi someni naye nyumbani. Mwulizeni: katika nchi hii wewe ungekuwa nani? Naye awe huru kuwauliza ninyi vilevile, hata kama jibu litawaaibisha.

Yothamu alipokwisha kusema alikimbilia Beeri, akakaa huko kwa kumwogopa Abimeleki. Hatusomi kwamba mzee yeyote wa Shekemu alimfuata.