KUPACHIKA WINGU SI KUPATA KOPI



Somo hili ni fupi, lakini sisi tulilijifunza kwa hasara.

Mwisho wa mwaka uliopita mashini ya darasa letu ilijaa. Mmoja wetu akaona dosie yenye notisi zetu zote za mwaka wa tano, zile tulizotunza juu ya Examen d'État. Akawaza ni kopi tu, akafuta. Kumbe notisi zenyewe zilikuwa kule Google Drive. Huko zikalala siku 30 ndani ya kikapu cha takataka, kisha zikafutwa kabisa. Sisi tulikuwa vakansi. Tuliporudi, hakuna kitu. Tena nafasi kwenye mashini haikuongezeka!

Namna gani? Dosie ile ilikuwa imepachikwa kwa rclone, programu ya bure iliyoanzishwa na Nick Craig-Wood mwaka wa 2012. Ukifungua faili, Linux inapitisha ombi kwa FUSE, FUSE inaliuliza rclone, na rclone inakwenda kuitafuta kwa intaneti. Dosie iko hapa, vitu viko kule. Ukifuta hapa, umefuta kule. Mega zikiisha, dosie haifunguki vizuri.

Basi tufanye hivi:

1. Kutambulisha wingu na kulipa jina, kwa mfano «wingu»:
rclone config

2. Kutengeneza dosie tupu:
mkdir ~/masomo

3. Kupachika, kwa kusoma tu:
rclone mount wingu: ~/masomo --read-only

Hapo terminali itanyamaza. Haijakufa, iko kazini. Usiifunge, fungua ingine. Mtu akijaribu kufuta, atakataliwa. Anayetaka kuandika aondoe --read-only, atie --vfs-cache-mode writes: faili inatunzwa kwanza kwenye mashini, halafu inapandishwa. Asizime mashini mbio mbio.

4. Kupachua kazi ikiisha:
fusermount -u ~/masomo

5. Kupata kopi ya kweli, inayofunguka hata bila intaneti:
rclone copy wingu: ~/kopi

Hatukumtaja aliyefuta, kwa sababu sisi wote hatukujua. Sasa tunajua, atakayefuta kesho hatakuwa na neno la kujitetea.

Maulizo:
a) Kwa nini kufuta hakukuongeza nafasi kwenye mashini?
b) Amri gani kati ya hizi ingeokoa notisi zetu? Ziko mbili.