Kamioneti ya Babu

Kamioneti mnaijua, watoto. Ni motokari yenye nafasi ya watu wawili watatu mbele, na nyuma ina sanduku wazi la kupakia mizigo. Katika Afrika ya mashariki wanaiita pikapu, kama Wamarekani. Huko Bukavu na Lubumbashi inabeba makaa, mihogo, simenti na mbuzi, na watu wameketi juu ya mizigo yote. Huko Marekani ilianza kuwa motokari ya mkulima. Zamani mkulima alinunua motokari ndogo, akakata sehemu ya nyuma, akapigilia sanduku la mbao kwa mikono yake. Mwaka 1925 kiwanda cha Ford kikaanza kuuza motokari yenye sanduku lake tayari, kwa bei ya dola 281. Viwanda vingine vikafuata.

Katika kamioneti zote za zamani, Wamarekani wengi wanazipenda hasa zile za Chevrolet zilizotengenezwa tangu mwaka 1947 hata mwanzo wa 1955. Zina mabega ya duara, na taa mbili kama macho ya mtu aliyeshangaa. Ile ndogo iliitwa 3100. Moja ya hizo, ya mwaka 1951, ilikuwa ndani ya ghala la mbao katika jimbo la Illinois, katikati ya mashamba ya mahindi. Kuku walilala juu ya usukani wake. Panya walikuwa wamejenga ndani ya kiti.

Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka 90. Aliinunua mwaka 1956, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, akaitumia shambani zaidi ya miaka 20. Sasa alikaa mbali, huko California karibu na bahari, nyumbani kwa binti yake, maana nguvu zilikuwa zimempungukia. Kila alipozungumza na mwanawe kwa simu alimwuliza, «Kamioneti yangu hali gani?» Mwanawe alijibu, «Hajambo, Baba, iko ghalani.» Hakusema uwongo, lakini hakusema kweli yote. Tena alikuwa ameahidi mara nyingi kuitengeneza.

Mwana huyo alikuwa na binti wa miaka 15. Siku moja msichana alisikia maneno ya simu, akasema, «Baba, tuitengeneze, tumpelekee Babu.» Baba akacheka. Kutoka pale hata bahari ya California ni karibu kilometa 4,000. «Tutaipakia juu ya lori,» akasema. Msichana akakataa. «Babu hatapenda kuiona imebebwa kama mgonjwa.» Ndipo baba akaacha kucheka.

Jumamosi ya kwanza msichana akaja ghalani na kopo la rangi nyekundu. Alilinunua kwa fedha yake mwenyewe. Baba akaliweka juu ya rafu, akamwambia alale chini ya kamioneti na kutazama magurudumu. «Kwanza tujue itasimama namna gani,» akasema. «Halafu tutajua itakwenda namna gani. Rangi baadaye.»

Hapa tueleze habari ya breki, ambazo huku kwetu wengi wanaziita freni. Dereva akikanyaga pedali, anasukuma mafuta yaliyomo ndani ya silinda kuu, chini ya ubao wa miguu. Mafuta yanapita katika mabomba membamba mpaka kwa kila gurudumu. Pale yanasukuma vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, na hivyo vinajibana na ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo nguvu ya mguu mmoja inafika mahali pane kwa mara moja. Ni kazi ya akili. Lakini katika kamioneti za mwaka 1951 njia ya mafuta ilikuwa moja tu. Bomba moja likipasuka, hata kama ni la gurudumu moja, mafuta yote yanamwagika, na pedali inazama mpaka chini bila kitu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 motokari za Marekani zimetiwa njia mbili zisizotegemeana, ili moja ikipotea nyingine ibaki.

Msichana alipogusa bomba la nyuma kwa ukucha, kutu ikaanguka kama unga, na bomba likatoboka. Alinyamaza muda mrefu. Kiisha aliomba spana mwenyewe. Walitoa mabomba yote, hata yale yaliyoonekana mazima, wakatia mapya. Kazi hiyo peke yake ilimaliza miezi miwili, kwa sababu walifanya siku za Jumamosi tu.

Injini, yaani mota, ilikuwa imeshikana. Haikuzunguka hata kidogo. Mtu asiye na subira huchukua mtarimbo na kulazimisha, na ndipo anapovunja kitu. Baba alifungua matundu sita ya plagi juu ya silinda sita, akamimina mafuta membamba ndani ya kila moja, akafunika, akamwambia msichana, «Sasa tunangoja.» Jumamosi iliyofuata wakamimina tena. Msichana alichoka kungoja. Baba alipokwenda kula, alichukua spana yenye mkono mrefu, akaivuta bolti moja ya bomba la moshi kwa nguvu zake zote. Bolti ikakatika, nusu ikabaki ndani ya chuma. Baba aliporudi hakugomba. Alimpa keekee na kumwonyesha namna ya kutoboa kipande kile katikati kabisa, polepole, bila kuharibu tundu. Jumamosi tatu alitoboa. Katika hizo Jumamosi tatu mafuta nayo yalifanya kazi yake gizani, na siku baba aliposhika feni ya mbele kwa mikono miwili na kuisukuma, injini ikazunguka taratibu.

Wakaifungua chini. Ndani ya injini, pistoni zimeunganishwa na mtaimbo mkubwa unaozunguka, na kila kiungo kina utando wa chuma laini, ili chuma kigumu kisisagane na chuma kigumu. Chuma hicho laini kinachanganywa kwa bati, shaba kidogo na antimoni. Mmarekani Isaac Babbitt alikivumbua mwaka 1839. Bati ni ile ile ichimbwayo Maniema na Kivu. Viungo vikilegea, injini inagonga. Katika injini hizo za zamani fundi aliweza kuvikaza mwenyewe: kati ya nusu mbili za kiungo kuna vibati vyembamba kama karatasi, ukitoa kimoja, kiungo kinakaza kidogo. Ukitoa vingi mno, kinakaba na kuungua. Msichana alitoa kimoja, akafunga, akazungusha kwa mkono, akasikiliza, akatoa kingine. Mikono yake ilikuwa midogo kuliko ya baba, nayo ilifika mahali ambapo ya baba haikufika.

Umeme nao ulikuwa na shauri lake. Betri ya kamioneti ile ni ya volti 6, lakini motokari za leo ni za volti 12. Volti zikiwa nusu, mkondo wa umeme lazima uwe mara mbili ili kazi iwe ile ile, na mkondo mkubwa unataka waya nene. Mtu fulani wa zamani alikuwa ametia waya nyembamba, na kwa hiyo stata ilizunguka kama mtu mwenye usingizi. Wakatia nene. Stata yenyewe haikuwashwa kwa ufunguo, ila kwa kukanyaga kitufe cha chuma kilichomo sakafuni, karibu na pedali ya mafuta.

Ikapita baridi moja na theluji yake, ikapita ya pili. Msichana akafikia miaka 16, akapata ruhusa ya kuendesha. Mbao za sanduku zikabadilishwa. Mwezi wa tano simu ikalia: Babu alikuwa amelala hospitali siku nne kwa ajili ya moyo, amerudi nyumbani, lakini amedhoofu. Baba na binti wakatazamana. Kamioneti ilikwenda na kusimama vizuri, lakini ilikuwa bado na rangi yake ya kijani iliyopauka, tena yenye madoa ya kutu. Kuipaka rangi kungetaka majuma matatu. Msichana alitazama kopo lake juu ya rafu. «Tuioshe tu,» akasema.

Wakashika barabara ya zamani, namba 66. Barabara hiyo ilipewa namba yake mwaka 1926, nayo ilitoka Chicago mpaka Santa Monica, mwendo wa karibu kilometa 3,940. Katika miaka ya 1930, mvua ilipokosekana na upepo ukabeba udongo wa mashamba, maelfu ya wakulima maskini waliipitia kwenda California kutafuta kazi, na vitu vyao vyote vimefungwa juu ya motokari kuukuu. Baadaye zilijengwa barabara pana zaidi, na mwaka 1985 namba 66 ikafutwa katika orodha ya serikali. Lakini sehemu kubwa bado inapitika, na watu wa vijiji vyake wanaitunza. Baba aliichagua kwa sababu nzuri. Katika injini ile, vijiko vidogo vinachota na kurusha mafuta ili yafike kwenye viungo vya pistoni. Ukienda mbio saa nyingi, viungo vinapata joto kuliko mafuta yawezavyo kuyapoza. Kilometa 75 kwa saa, hapo injini iliimba. Katika barabara pana, kila lori lingewapigia honi.

Wakaenda kama kilometa 250 kila siku. Asubuhi msichana alipima mafuta na maji kabla ya kula, akaandika katika daftari. Walivuka mto Mississippi. Walipita Kansas kwa muda mfupi sana, maana barabara ile inakata pembe tu ya jimbo hilo, kilometa 21. Karibu na mji wa Amarillo, Texas, waliona motokari kumi za Cadillac zilizozikwa katika shamba tangu mwaka 1974, pua ardhini na mikia juu. Wasafiri wanazipaka rangi wapendavyo. Watu hucheka hapo. Baba alizitazama, akasema kwamba baadhi ya zile zingaliweza kupona. Ni lazima kusema, ilikuwa kazi ya sanaa, wala si makaburi. Lakini fundi ana macho yake.

Huko Arizona, mji wa Flagstaff uko juu ya bahari kwa meta 2,100. Hewa ni nyepesi, injini inapata pumzi kidogo, na kamioneti ilipanda kama mzee mwenye fimbo. Mbele yao ilikuwa njia ya Sitgreaves, katika milima kabla ya kijiji cha Oatman. Zamani wasafiri wengine waliiogopa njia hiyo hata wakawalipa wenyeji wazivute motokari zao. Ni nyembamba, inapinda kama nyoka, na kando yake ni bonde tupu.

Pale juu baba akasimamisha, akashuka, akazunguka mpaka mlango wa upande wa pili. «Endesha wewe,» akasema. Msichana aliuliza kama anasema kweli. «Breki hizi ulizitengeneza wewe. Unazijua kuliko mimi.»

Akatia gia ya pili, ili injini yenyewe izuie mwendo. Hakukanyaga breki wakati wote, maana ngoma zikipata joto kali, breki hupoteza nguvu. Alikanyaga kwa nguvu kabla ya kila pembe, kisha akaachia zipate hewa. Alipofika pembe ya tatu mikono yake ilikuwa imelowa jasho. Baba aliishika mbao ya dirisha, asiseme neno. Karibu na chini wakakuta punda sita katikati ya barabara, wajukuu wa wale punda walioachwa na wachimba dhahabu. Msichana akakanyaga. Pedali ikawa ngumu chini ya mguu wake, na kamioneti ikasimama meta kumi mbele ya punda, imenyooka. Punda mmoja akaja kunusa taa.

Katika jangwa la Mojave petroli iligeuka mvuke ndani ya bomba kwa sababu ya joto, injini ikazimika. Wakafunga kitambaa chenye maji juu ya pampu ya petroli, wakala machungwa kivulini mwa kamioneti, wakaendelea jioni.

Siku ya 17 wakafika. Babu aliketi barazani na blanketi magotini, ingawa kulikuwa na jua. Aliisikia kabla ya kuiona, akainuka bila kushikwa. Akapitisha kiganja juu ya mlango wa kijani uliopauka, akaona mkwaruzo fulani, akamweleza mjukuu wake ni ng'ombe gani aliyeufanya. Kiisha akataka kuketi kwenye usukani. Walimsaidia kupanda. Hakutazama chini, mguu wake wa kuume ukatafuta kitufe cha stata sakafuni, ukakipata mara moja, na injini ikawaka.

Akaisikiliza kitambo. Kisha akaizima, akamgeukia msichana kwa uso wa ukali kidogo.

«Umepima mafuta leo?»

Msichana akaenda kuleta daftari.

Maulizo. Kwa nini bomba moja lililotoboka lingaliweza kuwaua watu wawili? Kwa nini betri ya volti 6 inataka waya nene? Eleza namna ya kushuka mlima kwa motokari nzito. Mtu akienda kilometa 250 kila siku, atamaliza kilometa 3,940 kwa siku ngapi? Baba na binti walitumia siku 17: tafuta katika hadithi mahali walipochelewa.