Chapati za Maji za Ulezi: Kijitabu kwa Kaya za Tarime na Serengeti

Anayetafuta kifungua kinywa chenye afya siku hizi huelekezwa dukani, kwenye rafu ya oti za pakiti. Anaambiwa azisage, achanganye na maziwa na yai, apike chapati za maji. (Wapo wanaoziita oti shayiri, ingawa shayiri ni nafaka nyingine, ile inayolimwa kwa ajili ya viwanda vya bia.) Ushauri huo una msingi. Oti zina aina ya nyuzinyuzi iitwayo beta-glukani, na imethibitishwa kwamba anayekula gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kila siku hupunguza lehemu kwenye damu. Kasoro yake ni kumfanya mama wa Nyamwaga au baba wa Mugumu aamini kwamba afya huja kwa lori, imefungwa kwenye karatasi inayong'aa, na kwamba asiye na fedha ya pakiti hana la kufanya ila kurudi kwenye maandazi ya ngano nyeupe. Kijitabu hiki kinasema vingine. Unga wa chapati bora tayari umo ghalani mwa kaya nyingi za wilaya hizi mbili, nao ni wa ulezi. Kinachobaki ni kujua namna ya kuuandaa.

Tuanze na vipimo. Gramu 100 za ulezi zina takribani miligramu 340 za kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Oti za uzito huohuo zina takribani miligramu 50, na unga mweupe wa ngano ambao haujaongezwa virutubishi haufikishi 20. Hata maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu huyataja panapozungumzwa mifupa, yana takribani 120 tu kwa uzito huo. Kwa nyuzinyuzi ulezi unakaribiana na oti, na unauzidi unga mweupe wa ngano zaidi ya mara tatu, kwa sababu punje ya ulezi ni ndogo mno kukobolewa kwa urahisi na kwa kawaida husagwa nzima pamoja na ganda lake. Kwa protini ulezi unashindwa, na haifai kulificha hilo: una takribani gramu 7 kwa kila 100, wakati oti zina 13 au zaidi. Ila pengo la protini huzibwa kwa vitu visivyohitaji safari ya mjini: yai moja, kikombe cha mtindi, kiganja cha dagaa wa Ziwa Victoria, au maharage yaliyobaki jioni. Pengo la kalsiamu kwa asiyekunywa maziwa ni gumu zaidi kuliziba.

Wala ulezi si nafaka ya kuonea haya: mwaka 2023 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi, uwele na mtama. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba ulezi ulianza kulimwa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, Ethiopia na Uganda, kabla ya kuvuka bahari hadi India. Mahindi yametukuta nao shambani.

Kuwa na madini ndani ya punje, hata hivyo, hakumaanishi kwamba yote yanaingia mwilini. Ulezi una asidi ya faiti na tanini, ambazo hushikana na madini ya chuma, zinki na kalsiamu tumboni na kuyazuia yasifyonzwe. Jambo hili lina uzito wake. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Upungufu wa damu una sababu nyingine kubwa, malaria na minyoo zikiwemo, kwa hiyo chandarua na dawa ya minyoo vinabaki palepale. Kwa upande wa chakula, kizuizi cha faiti kinaweza kupunguzwa kwa njia mbili ambazo bibi zetu walizijua bila kuzipa majina ya kikemia: kuchachusha na kuotesha. Unga ukilala usiku kucha kwenye maji yenye mtindi kidogo, bakteria wazuri hutengeneza asidi, na vimeng'enya vilivyomo kwenye nafaka yenyewe huanza kuivunja faiti. Punje ikiota, kazi hiyohiyo hufanyika ndani yake. Anayejua kutengeneza kimea cha pombe ana nusu ya elimu hii tayari: kuloweka, kufunika hadi kuota, kuanika, kusaga. Vijiko viwili vya unga wa kimea kilichokaushwa vizuri, vikichanganywa kwenye rojo la chapati, hulainisha rojo na kuleta utamu wa asili.

Basi upishi huanza jioni. Pima vikombe viwili vya unga wa ulezi, weka kwenye bakuli lenye mfuniko, mimina kikombe kimoja cha mtindi na kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, koroga mpaka mabonge yaishe, funika, ulaze. Milima ya Tarime ina baridi, hasa Juni na Julai, kwa hiyo bakuli likae karibu na jiko lililozimwa; huku chini Serengeti kwenye joto, kona ya jikoni inatosha. Asubuhi rojo litakuwa limeumuka kidogo na kutoa harufu ya uchachu, kama uji uliolala. Likitoa harufu ya kuoza au likiota ukungu wenye rangi, mwaga. Pondaponda ndizi moja mbivu sana, ile iliyoanza kuwa na madoa meusi, uitie pamoja na yai moja, nusu kikombe cha unga wa ngano na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka rojo litiririke kwenye upawa bila kukatika. Liache dakika 10. Pasha kikaango kwa moto wa wastani, kipake mafuta, mimina upawa mmoja, tandaza, na usiguse mpaka uso wa juu ukauke na matundu madogo yajitokeze. Hapo ndipo pa kugeuza. Utapata chapati kama 10 za ukubwa wa kisosi. Anayekula tatu amepata kutoka kwenye ulezi peke yake takribani robo ya kalsiamu ambayo mtu mzima anahitaji kwa siku, ingawa si yote itakayofyonzwa.

Ngano ile nusu kikombe imo kwa sababu ya kazi. Ulezi hauna gluteni, ile kamba ya protini inayoushika unga wa ngano pamoja, na ndiyo maana chapati ya ulezi mtupu hupasuka inapogeuzwa. Asiyetaka ngano, au anayedhuriwa na gluteni, aongeze yai la pili na apike chapati ndogo za upana wa kiganja.

Wapo watakaouliza kwa haki: kwa nini tuiache ngano, wakati kanuni za Serikali za mwaka 2011 zinataka viwanda viiongezee madini ya chuma, zinki, vitamini B12 na asidi ya foliki? Hoja hii ina nguvu kuliko zote, na jibu lake halipaswi kuwa la mkato. Asidi ya foliki humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya mgongo wazi, na ulezi haujaongezwa kitu. Mwanamke anayetarajia kupata mimba au aliye mjamzito asidhani chapati ya ulezi inachukua nafasi ya vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Ameze vidonge vyake. Lakini virutubishi vya kiwandani vilirudishwa kwenye unga ambao kinu kilikuwa kimeuvua ganda na kiini, na nyuzinyuzi hazikurudi. Tena ngano inayoliwa nchini kwa sehemu kubwa hutoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei yake ilipanda hadi vijijini. Kuipa nafasi ya nusu kikombe badala ya vikombe viwili na nusu kunakubakizia faida yake kiasi, bila kuifanya meza yako itegemee meli.

Pingamizi za jikoni ni nyepesi zaidi, ila ndizo zinazowashinda watu. Ulezi una mchanga. Ni kweli, kwa sababu hupigwa na kuanikwa chini. Upepete kwa ungo, kisha uoshe kwa besheni mbili: tikisa maji, mimina punje polepole kwenye besheni ya pili, uache mchanga ukae chini ya ile ya kwanza, urudie mara tatu au nne. Anika juu ya turubai au mkeka, usiuanike chini ulikoutoa. Watoto hawapendi rangi yake nyeusi? Anza na kikombe kimoja cha ulezi kwa kimoja na nusu cha ngano, uongeze ulezi wiki hadi wiki; ndizi mbivu hufanya sehemu kubwa ya ushawishi. Ni ghali kuliko sembe? Sokoni mara nyingi ndivyo. Ila ulezi ukikauka vizuri huhifadhika kwa miaka, na wadudu wa ghalani hawausumbui kama mahindi, kwa hiyo kilo unayoinunua wakati wa mavuno ndiyo hiyohiyo utakayoikuta baadaye.

Kuna wanaopika chapati za maji kwa unga wa muhogo au udaga, na hapa Tarime lazima tuseme kwa sauti ya juu. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime ya wakati ule, kabla Rorya haijakatwa kuwa wilaya yake, waligunduliwa watu waliopooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo, na waliopooza hawaponi miguu yao. Watafiti waliuhusisha na muhogo mchungu uliosindikwa kwa haraka wakati wa ukame, ukaliwa mfululizo bila vyakula vya protini. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sayanidi. Kuukausha upesi na kuusaga hakutoshi, wala kuukaanga kwenye kikaango hakuondoi sumu iliyobaki ndani ya unga. Muhogo umenywe, ulowekwe au uvundikwe mpaka ulainike kabisa, kwa kawaida siku tatu au zaidi, kisha uanikwe mpaka ukauke wote. Mwaka wa njaa, mkono unapotaka kupunguza siku, ndio mwaka wa kutopunguza. Mwenye ulezi wa akiba hatalazimika kufika huko.

Tahadhari nyingine ni kuhusu unga uitwao wa lishe, wenye nafaka tano au saba, soya na karanga ndani yake. Wingi wa majina kwenye mfuko hauongezi sana lishe, maana mahindi, mtama, mchele na ngano ni ndugu wanaofanana kazi. Karanga zikisagwa pamoja na unga huchacha upesi, na karanga na mahindi ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliwafanya watu 68 waugue katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu isisagwe, hata kwa kuku. Karanga zichaguliwe, zikaangwe, zipondwe siku ya kuliwa, zipakwe juu ya chapati.

Unga ukiwa mzuri bado kikaango kinaweza kuuharibu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori takribani 120. Anayemimina kijiko kwa kila chapati ameshakula 360 za mafuta matupu kwa chapati tatu. Paka kwa kipande cha kitunguu kilichochovywa kwenye mafuta, inatosha. Sukari isiingie kwenye rojo kabisa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi takribani gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko sita vya chai, na chai ya asubuhi pekee mara nyingi imeshabeba nusu yake. Chai yenyewe isubiri saa moja baada ya kula, kwa kuwa tanini zake huzuia madini ya chuma. Kipande cha papai au chungwa, chenye vitamini C, husaidia yafyonzwe. Mwenye kisukari anaweza kula chapati hizi bila ndizi, mbili badala ya tano, pamoja na mgagani au mchicha: ulezi hupandisha sukari polepole kuliko unga mweupe, lakini huipandisha. Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe vipande laini pamoja na maziwa ya mama, bila chumvi wala asali. Na maziwa ya mtindi yachemshwe kabla ya kugandishwa, kwani brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi, na kaya za wafugaji wa Serengeti zinaujua.

Sehemu kubwa ya ulezi wa wilaya hizi haifiki mezani, huishia kwenye mtungi wa pombe. Mavuno yakija, kabla debe halijaenda kuloweshwa kwa ajili ya kimea cha wakubwa, tenga debe moja la kifungua kinywa cha watoto, ulifunge, uliandike jina.