Gitaa la umeme likinyamaza: kabla hujanunua mikro mpya

Jumapili iliyopita gitaa lililia vizuri. Leo linakwaruza, au limenyamaza kabisa, na wanakwaya wote wanakuambia mikro imekufa. Usitoe pesa bado. Ndani ya gitaa la umeme, mikro ni kati ya vitu vinavyokufa kwa nadra sana. Haina kitu kinachozunguka wala kusuguana. Vinavyochoka mapema ni kebo, tundu la jaki, swichi na vitufe vya sauti, navyo ni vya bei ndogo.

Mikro ni kile kipande kilicholala chini ya nyuzi, chenye vichwa sita vidogo vya chuma au kifuniko cha kung'aa. Ndani yake mna sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba mwembamba kama unywele. Katika mikro ya koili moja, waya huo umezungushwa kama mara 7,000 hadi 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya, hupita kwenye swichi na kitufe cha sauti, hutokea kwenye jaki na kwenda kwenye ampli. Njia hiyo ikikatika popote, gitaa hunyamaza.

Kwa hiyo anza mbali na gitaa, usogee ndani. Azima kebo ya mwenzako. Jaribu gitaa lingine kwenye ampli hiyohiyo. Kisha tikisa jaki taratibu kwenye tundu lake: sauti ikija na kuondoka, nati ya tundu imelegea au waya wake umeng'oka, na fundi wa redio atamaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Zungusha vitufe: vikikwaruza, vinahitaji dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, ile isiyoacha mafuta. Sogeza swichi: upande mmoja ukilia na mwingine ukanyamaza, sasa umekaribia penye tatizo. Kama gitaa lako lina betri ya volti 9 mgongoni, ibadilishe kabla ya jambo lingine lolote.

Bado kimya? Punguza sauti ya ampli, kisha gusa vichwa vya mikro kwa ncha ya bisibisi ya chuma, polepole. Mikro nzima itatoa sauti ya «tok». Isipotoa, chukua multimita, kile kipimo cha umeme ambacho kila fundi wa simu anacho mezani. Chomeka kebo kwenye gitaa peke yake, fungua sauti hadi mwisho, weka multimita kwenye ohimu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, halafu gusisha ncha moja kwenye kichwa cha jaki na nyingine kwenye mwili wake. Mikro ya koili moja husoma kati ya kilo-ohimu 5 na 7 hivi. Ile ya koili mbili, pana zaidi, husoma 7 hadi 9, na zenye nguvu hupanda hadi 15 au zaidi. Ukiona sifuri na kitufe kiko wazi, kuna waya mbili zinazogusana pasipotakiwa. Ukiona 250 au 500, mita inasoma kitufe cha sauti peke yake: njia ya mikro imekatika. Hata hapo usikate tamaa, kwa sababu mara nyingi kilichokatika ni kile kiungo ambapo waya mwembamba unashikana na waya mnene wa kutokea, nacho hulehemiwa tena. Waya ukiwa umekatikia ndani kabisa ya koili, utahitaji mikro mpya. Fundi anayezungusha mota huenda akajitolea kuizungusha upya, lakini waya wa mota ni mnene mno. Waya wa mikro una unene wa kama milimita 0.06.

Sasa jambo la hapa kwetu Goma. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na vumbi letu jeusi lina chembe za madini ya chuma. Ukitaka kuliona hilo, funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki na uipitishe juu ya mchanga wa barabarani. Chembe hizohizo huganda kwenye vichwa vya mikro na kuota kama ndevu. Zikiingia kwenye mianya ya koili zinaweza kuuharibu ule waya. Usizipulize, usizisugue kwa kitambaa, na usitumie maji. Chukua skochi, bandika juu ya vichwa, vuta, rudia na kipande kipya hadi skochi itoke safi. Gitaa likae ndani ya mfuko wake baada ya mazoezi, hasa msimu wa kiangazi.

Mvumo nao? Mikro ya koili moja huvuma kidogo kwa asili yake, na taa za neoni au chaja za simu huuongeza. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, waya wa ardhi wa gitaa uko sawa. Ukigusa nyuzi na mvumo ukaongezeka, mwambie fundi aangalie waya za jaki, huenda zimebadilishana nafasi. Mikro ya koili mbili iliundwa na Seth Lover katika kampuni ya Gibson mwaka 1955 kwa ajili ya tatizo hili: koili hizo zimepangwa kinyume, mvumo wa moja unafuta wa nyingine.

Lakini kuna mvumo ambao mikro yoyote haitauondoa, nao ndio ninaoomba uutilie maanani kuliko yote. Nyumba na makanisa mengi hayana ardhi ya umeme iliyo nzuri, kwa kuwa mwamba mkavu wa volkeno hupitisha umeme kwa shida na fimbo ya shaba haizami kirahisi ndani yake. Wengine hukata hata pini ya tatu ya plagi ili iingie ukutani. Hapo ampli inaweza kupeleka umeme hadi kwenye nyuzi, na mwimbaji anayeshika gitaa huku midomo ikigusa maikrofoni anakuwa yeye mwenyewe ndiyo njia ya umeme huo. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani huko Swansea, Wales. Kabla ya kupiga mahali pageni, weka multimita kwenye volti za umeme wa ukutani, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikionyesha makumi ya volti, zima kila kitu na umwite fundi umeme. Usikate pini ya tatu kamwe.

Tuseme umepima na mikro kweli imekufa. Pima urefu, upana na umbali wa matundu ya skrubu, kisha umbali kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita juu ya mikro. Mara nyingi ni milimita 50 hadi 53. Nenda na vipimo hivyo dukani, au uvitume kwa anayekuagizia. Kwenye maduka ya mtandaoni, seti ya mikro tatu za Kichina hupatikana kwa dola 15 hadi 30, nazo zinatosha kabisa kwa kwaya. Moja ya Seymour Duncan au DiMarzio hukaribia dola 100. Ongeza nauli na ushuru, maana tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025 mizigo ya aina hii imetegemea sana barabara ya Gisenyi na Kigali. Kama unapiga sebene, ushauri wangu ni ubaki na koili moja. Mlio wake mkali na safi ndio unaotenganisha solo na mi-solo bendi nzima ikichemka. Kumbuka pia kwamba koili moja hupendelea kitufe cha sauti cha kilo-ohimu 250, koili mbili 500.

Kufunga si kazi ngumu. Piga picha ya waya zote kwa simu kabla hujagusa chochote. Legeza nyuzi, funika mbao kwa kitambaa, fungua skrubu. Lehemu kwa chuma cha wati 30 hadi 40, na usikishikilie zaidi ya sekunde chache. Waya wa sauti unarudi palepale ulipotoka ule wa zamani, wa ardhi unakwenda mgongoni mwa kitufe. Mikro nyingi za koili mbili zina waya nne za rangi na mmoja mtupu, na kila kiwanda kina mpango wake: kwa Seymour Duncan waya wa sauti ni mweusi, kwa DiMarzio ni mwekundu. Fuata karatasi iliyokuja nayo. Rudia jaribio la bisibisi kabla ya kufunga.

Mwisho rekebisha urefu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kati yake na kichwa cha mikro. Kwa koili moja anza na milimita 2.4 upande wa uzi mnene, 2 upande wa uzi mwembamba. Ukiisogeza mikro karibu mno, sumaku huvuta uzi na gitaa linaonekana kama halitaki kukaa kwenye sauti yake. Na ukiwasha mikro mbili pamoja zikatoa sauti nyembamba, ya puani, basi zinapingana: badilisha nafasi za waya mbili za moja kati yao, ila kama ina kifuniko cha chuma, kwanza tenganisha kifuniko na waya wa ardhi wa koili na ukipe waya wake chenyewe.