JINSI YA KUPIMA MAKAO YA WANYAMA KATIKA KINAMASI

Karibu na mji wa Kitale, katika nchi ya mahindi ya Trans Nzoia, kipo kinamasi kiitwacho Saiwa. Mwaka 1974 kilifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo sana, kwa maana ukubwa wake ni kilomita za mraba 3 hivi tu, na pande zote imezungukwa na mashamba ya watu. Iliwekwa hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, naye ni nzohe.

Nzohe ni jamaa ya pongo, lakini maisha yake ni ya majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka akanyagapo, hata aweza kupita juu ya matope ambayo mnyama mwingine angezama. Akitishwa huingia majini, na pengine huzama mwili mzima akabakiza pua tu juu. Jike huzaa mtoto mmoja, akamficha juu ya matete aliyoyakanyaga yakawa kama kitanda katikati ya maji.

Basi mtu akitumwa kuchunguza kama mahali hapa pangali panafaa kwa nzohe, afanyeje? Wengi hudhani kwamba kazi ni kuhesabu wanyama na kurudi nyumbani. Lakini nzohe hujificha, naye hutoka kula zaidi alfajiri na jioni. Asubuhi moja mtu ataona sita, na kesho yake asione hata mmoja, na hali kinamasi ni kile kile. Tena, wanyama waweza kuonekana wengi kwa sababu mbaya: matete yamekatwa, hawana tena pa kujificha. Kwa hiyo mpimaji mwenye akili hutazama kwanza makao yenyewe, yaani chakula, maji, maficho na mahali pa kuzalia, ndipo ahesabu wenye makao.

Vyombo vyake si vya gharama. Hutwaa kamba ya mita 100, akainyosha kutoka nchi kavu, kupita kwenye miti, mpaka ndani ya matete. Kila baada ya mita 10 huweka chini mraba wa fito nne, kila ufito mita 1, akaandika kilichomo: ni majani gani, yamefunika sehemu gani ya mraba, kimo chake ni kipi, na maji yana kina gani kwa fimbo iliyotiwa alama. Kimo ni jambo kubwa. Dume la nzohe hufika kama mita moja begani, basi matete yafikayo magotini mwa mtu ni chakula, si maficho. Mahali penye majani mengi mabichi paweza kumpendeza mgeni, kumbe nzohe hawezi kulala hapo hata mchana mmoja.

Nyayo na mavi nazo husomwa. Wayo wa nzohe hautambuliwi kwa shida, kwa kuwa ni mrefu na mwembamba na vidole vyake vimeachana. Katika nchi kavu mavi ya zamani huondolewa yote, kisha mpimaji hurudi baada ya siku kadhaa kuhesabu yaliyo mapya. Majini hesabu hiyo haifai, maana mavi huyeyuka. Huko hutazamwa njia zilizopenya katika matete, kama zinatumika au zimefungwa na majani.

Ukingoni mwa maji pana miti, na hapo huishi kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe. Kima huyu haendi mbali na mto, na aogopapo hutulia kimya kama jiwe. Mpimaji asiyeona kitu asiandike upesi kwamba hawapo. Aandike mapengo yaliyokatwa katika miti, na upana wa kila pengo.

Wanaokosea zaidi ni wale wanaosimama kwenye mpaka wa hifadhi. Korongo taji hujenga kiota chake kinamasini, lakini chakula chake hukitafuta katika nyasi za wazi na mashamba. Naye tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Nusu ya makao yake, basi, iko kwa mkulima. Na maji yenyewe hutoka juu, kwenye mashamba. Mvua ikichukua udongo wa shamba lisilo na makinga maji, huutua kinamasini. Sahani nyeupe ikishushwa kwa kamba katika maji ya wazi, kina ambacho haionekani tena huonyesha uchafu wa maji. Ndivyo alivyofanya Angelo Secchi wa Italia mwaka 1865.

Wala si haki kumlaumu mkulima peke yake. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba kinamasi ni ardhi iliyopotea, na kwamba ni vema kuchimba mifereji na kupanda mikaratusi ili kikauke. Kumbe kinamasi hushika maji ya mvua na kuyaachilia polepole, na kikikauka, kijito kilicho chini yake hukauka upesi wakati wa kiangazi, na ng'ombe wa jirani hukosa maji. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kulima ukingoni mwa mto, kwa upana wa mita 6 hadi 30. Mpimaji hupima upana huo kwa kamba ile ile, akaandika pia mifereji na mikaratusi aliyoiona.

Kipimo cha mara moja hakisemi mengi. Hurudiwa wakati wa masika na wakati wa kiangazi, kwa saa zile zile, katika miraba ile ile. Ndiyo sababu vigingi huachwa ardhini. Mwaka wa pili nyasi za nchi kavu zikikutwa zimeingia katika mraba uliokuwa na matete, maji yamepungua, hata kama asubuhi hiyo nzohe kumi wameonekana.