Mota ya Njia Tatu katika Karakana ya Njia Moja

Tumchukue fundi wa Pugu Kajiungeni aliyenunua mashine kuukuu ya kukereza vyuma. Ameifikisha karakanani kwa taabu, ameisimika juu ya sakafu ya saruji, na ndipo anapogundua kwamba mota yake ni ya njia tatu, hali nyumba yake imeletewa umeme wa njia moja. Je, aiuze mota hiyo, au anaweza kuitumia? Jibu limo katika fizikia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu.

Umeme haukuzaliwa wa njia moja. Ule unaotoka kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, husafiri hadi Ubungo kwa njia tatu, na hubaki hivyo mpaka kwenye transfoma za mitaani. Hapo hutoka nyaya nne: tatu zenye moto na moja ya nyutro. Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 230. Kati ya nyaya mbili za moto kuna volti 400. Nyumba ya fundi wetu imepewa waya mmoja wa moto na nyutro tu.

Mkondo geu wa kwetu hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Katika njia tatu, kila waya hufikia kilele chake sekunde 1/150 baada ya mwenzake. Nyaya hizo zikiunganishwa na koili tatu zilizopangwa kuizunguka rota, nguvu ya sumaku huhama kutoka koili moja hadi nyingine, na rota huifuata. Mikhail Dolivo-Dobrowolsky alitengeneza mota ya namna hii huko Ujerumani mwaka 1889, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana.

Sumaku ya njia moja haizunguki. Hupanda na kushuka mahali pale pale. Mtazame fundi cherehani anayetumia miguu. Kanyagio lake likisimama mahali pabaya, akandamize apendavyo, gurudumu halitaondoka. Hulisukuma kidogo kwa mkono, na likishaanza huendelea. Akilisukuma kinyume, litakwenda kinyume na uzi utakatika. Mota yetu ndivyo ilivyo. Ikipewa njia moja huvuma bila kuzunguka, na isipozimwa upesi koili zake huungua.

Kinachohitajika, basi, ni mkono wa kuisukuma. Kazi hiyo hufanywa na kapasita, kwa kuwa ndani yake mkondo huitangulia volti. Nyaya mbili za nyumba huunganishwa na ncha mbili za mota, na ncha ya tatu hupata umeme kwa kupitia kapasita. Ncha hiyo hupokea umeme uliopishana wakati na ule wa kwanza, na sumaku huanza kuzunguka, japo kwa kuchechemea. Kapasita ikihamishwa kutoka waya mmoja wa nyumba hadi wa pili, mota hugeuza mwelekeo. Muungo huu huitwa kwa jina la Charles Steinmetz (1865–1923).

Kabla ya yote, fundi asome kibati cha mota. Kikiandikwa volti 230/400, koili zaweza kuungwa kwa pembetatu, nazo zitatosheka na volti 230. Kikiandikwa 400/690, asijisumbue: kwa kuwa nguvu ya kuzungusha hufuata kipeo cha pili cha volti, mota hiyo ingebaki na theluthi moja tu hata kama ingepewa njia tatu za volti 230.

Kapasita hukadiriwa kuwa mikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Mota ya kilowati 1.5 itahitaji mikrofaradi 105 hivi, za aina ya kufanya kazi mfululizo katika mkondo geu, zenye kustahimili volti 400 au zaidi. Hata hivyo mota itatoa takriban theluthi mbili za uwezo wake, yaani kilowati 1, na itaondoka kwa unyonge. Mashine ya kukereza huvumilia hayo, kwani huwashwa kabla chombo hakijagusa chuma. Mashine ya kusaga nafaka au ya kujaza upepo, ambayo huanza na mzigo, haitavumilia.

Siku hizi ipo pia invata. Kifaa hiki hunyoosha mkondo geu, kisha huukata upya kuwa njia tatu kamili, na hata mwendo wa mota hurekebishwa kwa kitufe. Nyingi za kupokea volti 230 za njia moja huishia kilowati 2.2, na kwa mashine moja mimi ningeichagua hii. Mwenye mashine tatu au nne aombe njia tatu. Pengine nyaya nne zinapita mbele ya mlango wake.

Tahadhari: kapasita hubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa. Iwekewe kizuizi cha kuimaliza chaji hiyo, na isiguswe kabla ya kupimwa kwa voltimita.

Zoezi. Kibati cha mota kinasema kilowati 0.75, volti 230/400. Kadiria kapasita inayofaa na uwezo utakaopatikana. Eleza kwa nini kapasita iliyopimwa kwa volti 250 isitumike.